Namna ya Kumtafuta, Kumtambua na Kumwandika Kiuno-Cheupe wa Kaskazini Anapotua Afrika Mashariki

Kuanzia mwisho wa Septemba kila mwaka, kwenye viwanja vya mpira, malisho na mashamba yaliyolimwa upya ya Kenya, Uganda na Tanzania, hutua ndege mdogo mwenye uzito wa gramu 25 hivi ambaye wapita njia wengi hawamjali, kwa kuwa umbo lake halizidi la shomoro na rangi yake wakati huo ni ya kahawia isiyovutia macho. Vitabu vya ndege humwandika Northern Wheatear, na jina lake la kisayansi ni Oenanthe oenanthe. Hapa nitamwita kiuno-cheupe wa kaskazini, kwa sababu ukitaka kumjua ni lazima uone kiuno na mkia wake. Waingereza nao walifikiri hivyo hivyo, ingawa hawakuwa na haya: jina wanalolitumia leo limetokana na maneno ya zamani yaliyomaanisha "tako jeupe".

Ndege huyu huzaliana katika nchi za baridi, kuanzia mashariki mwa Kanada na Greenland, kupitia Ulaya na Siberia, mpaka Alaska. Hutaga mayai ya samawati hafifu, mara nyingi matano au sita, ndani ya nyufa za miamba au mashimo ya wanyama wadogo. Takribani wote, popote walipozaliwa, huja kupitisha majira ya baridi Afrika. Mwaka 2012 watafiti walitangaza matokeo ya vifaa vidogo, visivyofika gramu 2, walivyowavika ndege wa Alaska na wa Kisiwa cha Baffin huko Kanada. Kifaa hicho huhifadhi kiasi cha mwanga pamoja na saa, kisha urefu wa mchana na wakati wa adhuhuri huonyesha ndege alikuwa wapi duniani. Ndege wa Alaska walikuwa wamevuka Siberia, Kazakhstan na jangwa la Arabuni mpaka Sudan, Uganda na Kenya, safari ya kilomita 14,500 hivi kwa upande mmoja, kwa siku 90 hivi wakati wa kuja na siku 55 hivi wakati wa kurudi. Yule wa Baffin alivuka Bahari ya Atlantiki akaishia Mauritania. Kwa hiyo anayerukaruka mbele ya goli la uwanja wa kijiji chako huenda alizaliwa Urusi, na huenda alizaliwa ng'ambo ya pili ya Mlango wa Bering. Kwa macho huwezi kujua. Unachoweza kujua kwa hakika ni kwamba ni yeye na si mmoja wa jamaa zake wanaofanana naye, na hatua zinazofuata zinahusu hilo.

Hatua ya kwanza: chagua majira na saa

Tafuta kuanzia Oktoba hadi Machi. Wachache hutangulia mwishoni mwa Septemba, na wachache huchelewa kuondoka hadi mwanzoni mwa Aprili, lakini ukimwandika mwezi wa Juni ujue kwamba utaulizwa maswali, na una haki ya kuulizwa. Wasomaji walioko Oman na nchi za Ghuba wana nafasi mbili, kwa sababu ndege hawa hupita huko wakija Afrika wakati wa vuli na tena wakirejea kaskazini kwenye Machi na Aprili.

Nenda kati ya saa 12:30 na saa 3:30 asubuhi. Baada ya hapo jua huanza kupasha ardhi, mazigazi hupanda kutoka kwenye nyasi fupi, na ndege aliye umbali wa mita 60 hutetemeka ndani ya darubini kama aliyezama majini. Alasiri baada ya saa 10 hali huwa nzuri tena, ila jua la jioni hukifanya kila kitu kionekane cha manjano, na rangi ni moja ya mambo tunayoyategemea.

Hatua ya pili: chagua ardhi

Usimtafute msituni wala vichakani. Anataka ardhi tupu au yenye nyasi fupi sana, ambako anaweza kukimbia na kumwona mdudu kwa mbali: malisho yaliyoliwa na ng'ombe mpaka chini, mahali palipochomwa moto, shamba lililotifuliwa ambalo bado halijaota, uwanja wa michezo wa shule, ukingo wa barabara ya vumbi. Nyanda za Athi, Mara, Serengeti na Laikipia zinafaa sana, lakini hakuna haja ya kulipa kiingilio cha hifadhi. Mimi humwona kila mwaka kwenye uwanja wa mpira ulio nyuma ya soko letu, mahali ambapo hakuna mtalii aliyewahi kushuka garini. Viwanja vya ndege vya zamani navyo ni makazi yake mazuri, na jina lenyewe lingetustahili sisi watazamaji. Hata hivyo usielekeze darubini wala kamera kwenye uwanja wa ndege, kambi ya jeshi au kituo cha polisi bila ruhusa, kwani maelezo kuhusu ndege wa Siberia hayatasikilizwa kwa urahisi na askari wa zamu.

Watu huniuliza kama waende Ngulia, ndani ya Tsavo Magharibi, ambako tangu mwaka 1969 ndege wahamiaji wamekuwa wakinaswa usiku wa ukungu na kuvikwa mguuni pete yenye namba ili safari zao zifuatiliwe. Ngulia ni mahali pa ajabu, lakini wanaonaswa huko kwa wingi ni ndege wa vichakani. Kwa huyu wetu, uwanja wa shule ni bora zaidi.

Hatua ya tatu: andaa vifaa

Darubini yenye maandishi 8×42 au 8×32 inatosha: namba ya kwanza ni mara ngapi inakuza, ya pili ni upana wa lenzi ya mbele kwa milimita. Usidanganywe na darubini ya bei nafuu inayojisifu kukuza mara 20, maana mkono wa binadamu hautulii kiasi hicho. Chukua daftari dogo na penseli, kwa kuwa wino huchuruzika umande ukiugusa. Simu yenye uwezo wa kuonyesha mahali ulipo itakufaa baadaye. Kama hilo ni shamba la mtu, mwombe ruhusa kwanza na umweleze unachotafuta. Mara nyingi mwenye shamba atakuambia yuko wapi kabla hujamaliza kumweleza.

Hatua ya nne: kagua vilivyoinuka

Simama pembeni ya uwanja, jua likiwa mgongoni mwako, kisha pitisha darubini taratibu kutoka kushoto kwenda kulia ukikagua kila kitu kilichoinuka kidogo: kichuguu, jiwe, dongoa la udongo, kinyesi cha ng'ombe kilichokauka, nguzo ya uzio. Ndege huyu hupenda kusimama juu ya kitu kama hicho, kifua mbele, miguu yake mirefu myeusi ikionekana wazi. Huinama haraka kana kwamba anasalimia, hutingisha mkia juu na chini, hupepesa mbawa kidogo, kisha hukimbia au kuruka hatua kadhaa, husimama ghafla, hudonoa siafu, mbawakawa au kiwavi, na kurudi mahali pake.

Mwendo huo wa kukimbia na kusimama ghafla ndio utakaokuonyesha yeye kabla ya rangi. Shomoro hurukaruka wakiwa kundi. Huyu karibu kila mara yuko peke yake, kwani akiwa Afrika hujimilikisha kipande cha ardhi na kumfukuza mwenzake anayeingia, hata wa jamaa nyingine. Sifa hiyo inakusaidia, maana ukimkuta leo kwenye kona fulani ya uwanja, una nafasi kubwa ya kumkuta kwenye kona hiyo hiyo wiki ijayo. Ukisikia mlio mkavu kama kokoto mbili zinazogonganishwa, geuka utazame chini, usitazame mtini.

Usimkaribie zaidi ya mita 25 au 30. Usimfuate akihama, wala usimchezee sauti za ndege kutoka kwenye simu ili aje. Kila dakika anayoitumia kukukimbia wewe ameikosa kwenye chakula, na inapofika Machi anahitaji kuwa na mafuta ya kutosha mwilini kuvuka jangwa.

Hatua ya tano: subiri mkia

Hapa ndipo wanaoanza hukosea, na mimi nikiwamo. Ndege akiwa amesimama, kiuno na sehemu kubwa ya mkia hufunikwa na mbawa, na unachokiona ni mgongo wa kahawia, kidari cha rangi ya maziwa yaliyotiwa chai kidogo, na mstari mweupe juu ya jicho kama nyusi. Wanaofanana naye wanakaribia kuwa na hayo yote. Usiandike jina bado. Weka darubini machoni, ukilenga kiunoni, na usubiri aruke mwenyewe. Dakika tano mara nyingi zinatosha.

Anaporuka, weupe hulipuka. Kiuno chote ni cheupe, na weupe huo unashuka pande zote mbili za mkia. Mwisho wa mkia kuna ukanda mweusi, na katikati kuna manyoya meusi yanayopanda kutoka kwenye ukanda huo hadi kiunoni, hivyo weusi wote kwa pamoja unafanya umbo la herufi T iliyopinduliwa. Angalia upana wa ukanda: kwa kiuno-cheupe wa kaskazini unachukua kama robo au theluthi ya urefu wa mkia, na kingo zake zimenyooka. Ukiweza, tazama pia upande wa chini wa bawa, ambao kwake ni wa kijivu kilichokolea.

Nafasi unayoipata ni ya sekunde mbili au tatu tu, kwa sababu huruka chinichini na kutua karibu. Kabla ya kutua hutandaza mkia kidogo kama feni, na huo ndio wakati bora wa kuuona ukanda vizuri. Kama umeukosa, usimrushie jiwe ili aruke tena, jambo ambalo nimeona mtu mzima mwenye darubini ya gharama kubwa akilifanya. Subiri tena.

Hatua ya sita: mtenge na jamaa zake

Kwa kuwa jamaa wanne wa jenasi hii wanaweza kukutana kwenye uwanda mmoja, jiulize maswali kwa mpangilio huu.

Je, ana mkanda mweusi kifuani? Kama ndiyo, umemwona Oenanthe pileata, ambaye si mgeni. Anaishi na kuzaliana hapa hapa Afrika. Mkubwa wake ana kofia nyeusi, paji jeupe na mkanda mpana mweusi unaokata kidari, kiasi kwamba kosa haliwezekani. Tatizo ni watoto wake, ambao hawana mkanda huo bali wana madoadoa na rangi ya kahawia, na huweza kuonekana katika miezi ambayo wageni wako nchini. Tafuta kivuli cha kahawia mahali ambapo mkanda ungekuwa, na uangalie kama kuna wazazi karibu.

Je, koo ni jeusi na weusi huo umeungana na mbawa? Huyo ni dume wa Oenanthe pleschanka, mgeni mwenzake kutoka kaskazini. Jike wake ni wa kahawia na ni mgumu zaidi, lakini ukanda wa mkia wake ni mwembamba, hauna upana ulio sawa, na weusi wake hupanda kwenye manyoya ya pembeni kabisa. Aidha, hupenda kukaa juu ya vichaka, nyaya na nguzo kuliko kukimbia ardhini.

Je, ni mweupe mweupe kama mchanga, mwili mzima rangi moja, amesimama wima kuliko kawaida? Huyu ni Oenanthe isabellina, na ndiye atakayekusumbua. Naye ni mhamiaji, naye hupenda ardhi tupu, naye hukimbia na kusimama. Mwaka wangu wa kwanza nilimwandika kwa muda wa wiki tatu nikimwita kiuno-cheupe wa kaskazini, kwa kuwa sikuwa nimesubiri aruke hata mara moja. Siku aliporuka, nusu ya mkia ilikuwa nyeusi, nami nikalazimika kufuta kurasa nne za daftari. Basi upana wa ukanda ndio hakimu: nusu ya mkia au zaidi ni isabellina, theluthi au chini ya hapo ni wa kaskazini. Ushahidi mwingine upo. Upande wa chini wa bawa la isabellina ni mweupe. Bawa lake likiwa limekunjwa halina weusi mwingi, hivyo kile kinyoya kidogo cheusi kilicho kwenye kona ya mbele ya bawa huonekana kama doa lililobaki peke yake, wakati bawa la wa kaskazini lote ni jeusi au la kahawia iliyokolea na doa hilo hupotea. Mwisho, tazama nyusi: kwa isabellina ni nyeupe zaidi mbele ya jicho, kwa wa kaskazini ni nyeupe zaidi nyuma ya jicho.

Kwenye nyika za juu za Bonde la Ufa unaweza pia kuwaona Myrmecocichla aethiops, ndege wanene weusi wanaosimama juu ya vichuguu. Wanaporuka huonyesha weupe mkubwa, lakini umo ndani ya mbawa, si kwenye mkia.

Kama baada ya maswali hayo bado una shaka, andika "Oenanthe, spishi haikujulikana". Maandishi hayo yana thamani kuliko jina la kubahatisha, na hakuna atakayekucheka isipokuwa wale ambao hawajawahi kukosea kwa sababu hawajawahi kutoka nje.

Hatua ya saba: dume au jike

Kuanzia Oktoba hadi Desemba usipoteze muda mwingi hapa, kwa kuwa manyoya mapya yana ncha za kahawia zinazowafanya wote wafanane. Kuanzia Februari mambo hubadilika: ncha hizo hulika, baadhi ya manyoya hubadilishwa, na dume huanza kuonyesha mgongo wa kijivu cha samawati, barakoa nyeusi inayopita kwenye jicho na mbawa nyeusi. Jike hubaki wa kahawia, na barakoa yake ni hafifu. Ukimfuatilia dume mmoja katika kona yake ya uwanja kuanzia Januari hadi katikati ya Machi, utamwona akivaa nguo za harusi kidogo kidogo, na arusi yenyewe hutaiona kamwe.

Hatua ya nane: andika papo hapo

Usingoje kufika nyumbani. Andika tarehe, saa uliyoanza na uliyomaliza, jina la mahali pamoja na vipimo vya mahali hapo vinavyoonyeshwa na simu, hali ya ardhi, idadi, na juu ya yote ulichokiona kwa macho yako kilichokufanya uamue. Mfano wa maandishi yanayojitosheleza ni huu: "Tarehe 14 Novemba, saa 1:10 asubuhi, uwanja wa shule, kona ya magharibi, nyasi za sentimita 3. Mmoja. Ameruka mara mbili. Ukanda mweusi robo ya mkia, kingo zimenyooka. Chini ya bawa kijivu. Amemfukuza isabellina." Mtu atakayeyasoma miaka kumi ijayo ataweza kuyaamini, kwa sababu yanaonyesha mkia ulionekana.

Hatua ya tisa: yatume yanakotumika

Ukiwa Kenya, mradi wa Kenya Bird Map hupokea orodha kutoka kwa mtu yeyote aliyejisajili. Nchi imegawanywa katika vipande vya mraba vyenye upana wa kilomita 9 hivi kila upande, na orodha kamili inahitaji angalau saa mbili za kutafuta ndani ya kipande kimoja, ukiandika kila spishi kwa mpangilio uliowaona; unaweza kuiongezea hadi siku tano. Popote ulipo unaweza pia kutumia eBird, hifadhi ya mtandaoni ya kumbukumbu za ndege inayofanya kazi kwenye simu. Kwa anayeanza na asiyejiamini, ningeshauri kwanza atembee na wenzake: shirika la Nature Kenya, linaloshughulikia uhifadhi wa mazingira, huendesha matembezi ya Jumatano asubuhi jijini Nairobi, na asubuhi moja na mtu mzoefu hukufundisha mengi kuliko mwezi mzima wa kitabu.

Ukimwokota ndege aliyekufa mwenye pete mguuni, usiitupe. Andika herufi na namba zote zilizochongwa, hata zile zilizofifia, piga picha pande zote, kisha wasiliana na anwani iliyo juu ya pete au na idara ya ndege ya Makumbusho ya Taifa jijini Nairobi. Akiwa mzima, soma pete kwa darubini au kwa picha tu, na usijaribu kumkamata.

Endelea kwenda uwanjani mwezi Machi wote, hata kama umeshamwandika mara ishirini. Huondoka usiku, hivyo hutamwona akienda. Utaikuta kona tupu asubuhi moja, na labda wale wapita njia wamepumzika juu ya jiwe lake. Andika tarehe ya mwisho uliyomwona, kisha nenda tena siku tatu au nne baadaye, na uandike kwamba umetafuta kwa saa moja na hukumkuta. Wachache huandika siku hizo tupu, na bila hizo tarehe ya kuondoka haiwezi kupatikana.